Barua ya kuwatetea wahadhiri wa nchi nyingine: je, sahihi ya mwalimu wa Tanga ina uzito wowote?

Mwalimu wa Raskazone (Tanga) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za siku nyingi. Naomba ushauri wenu juu ya barua iliyolala katika mtoto wa meza yangu kwa siku kumi na moja sasa, chini ya rundo la karatasi za mtihani ambazo nazo zinanidai.

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa mkoani. Miaka mitatu iliyopita nilifahamiana, katika warsha ya mtandaoni, na mwalimu mwenzangu wa nchi ya mbali ambayo sitaitaja kwa sababu ya usalama wake. Tangu wakati huo tumekuwa tukiandika makala moja kwa pamoja kuhusu wavuvi wadogo na sheria za hifadhi za bahari, yeye akikusanya maelezo katika pwani yao na mimi nikizungumza na wavuvi wa Mwambani na Kigombe. Mwezi uliopita aliondolewa kazini pamoja na wenzake kadhaa kwa amri iliyotoka nje ya chuo. Seneti yao haikuulizwa, na wajumbe wa baraza la chuo waliyasoma majina hayo gazetini kama raia wengine wowote. Wenzao walioko nje wameandika barua ya wazi, na wanaomba wanataaluma wa nchi mbalimbali watie sahihi, kila mmoja akitaja na chuo chake.

Niliichapa barua hiyo katika duka la steshenari pale Barabara ya Nane, nikaenda nayo kwa mkuu wa idara. Naomba nisieleweke vibaya: mkuu wangu ni mtu mwema na amenilea kikazi. Aliisoma yote, akarudi ukurasa wa pili, akaweka ncha ya kalamu juu ya nafasi iliyoachwa kwa jina la taasisi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Jina lako ni lako, baba. Hili si lako." Kisha akanipa maswali mawili ambayo sikuweza kuyajibu. La kwanza: ikiwa sisi wenyewe tunadai kila siku kwamba chuo kijitawale na kisiingiliwe na mtu wa nje, tunapata wapi haki ya kuingilia mambo ya chuo cha watu wengine? La pili: hiyo sahihi itamrudisha darasani?

Nimezunguka na maswali hayo hadi kwenye baraza la kahawa Ngamiani, na huko nilipata kashata nyingi kuliko majibu. Nawaomba wenye kujua historia ya mambo haya wanisaidie. Maneno ya kunitia moyo nimeshayapata. Ninachotafuta ni mifano, hata ile inayompa mkuu wangu haki.

---

Mzee wa Chumbageni amejibu:

Mwalimu, marahaba kabla hujaniamkia. Nimestaafu, kwa hiyo nina muda wa kuandika kwa urefu, na asiye na muda aruke.

Swali la kwanza la mkuu wako limechanganya mambo mawili yanayofanana sura. Chuo kinapodai kijitawale, kinadai kwamba uamuzi wa nani afundishe, nini kifundishwe, nani apewe shahada na matokeo gani yachapishwe ufanywe na wale wanaoijua kazi hiyo, kwa taratibu zinazojulikana, bila mwenye dola au mwenye fedha kuwatoa watu kwa kalamu moja. Hakijadai kisisemwe. Barua ya wanataaluma wa nje haina askari wala bajeti, haiwezi kumwajiri mtu wala kumfukuza, na anayeipokea yuko huru kuitupa kapuni. Kuipima kwa kipimo kimoja na amri iliyowaondoa watu kazini ni kumfananisha jirani aliyepiga hodi na mwizi aliyevunja mlango, kwa kuwa wote wawili walikuja usiku.

Tena hoja hii haikuletwa kwetu kwa meli. Ni kweli kwamba mwaka 1988 ulitoa matamko mawili yanayotajwa sana: Tamko la Lima, lililopitishwa na shirika la World University Service, na Magna Charta Universitatum, waraka ambao wakuu wa vyuo vikuu waliutia sahihi Bologna mwezi Septemba, chuo cha mji huo kilipokuwa kikiadhimisha miaka 900. Lakini mwezi Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu za hapa Tanzania zilipitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi Novemba mwaka huohuo, wasomi wa Afrika waliokutanishwa na CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lenye makao yake Dakar, walipitisha Tamko la Kampala. Ninayo nakala ya Azimio la Dar iliyopigwa fotokopi juu ya fotokopi hadi herufi zimevimba kama mbegu zilizolowekwa. Kila ninapoifungua huanza na kichwa chake, ambamo uhuru na wajibu vimekaa bega kwa bega. Wala msidhani kwamba waandishi wake walikuwa wamekaa kivulini: mwezi uliofuata, Mei 1990, serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wanafunzi wakarudishwa makwao.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo gumu. Uliomba mifano, basi chukua wa Archie Mafeje. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua kuwa mhadhiri wa anthropolojia, serikali ya makaburu ikakibana chuo, na chuo kikaufuta uteuzi kwa sababu mteuliwa alikuwa Mwafrika. Wanafunzi walilikalia jengo la utawala kwa siku kadhaa, habari zikafika Ulaya, sahihi zikakusanywa. Mafeje hakurudishiwa nafasi yake. Chuo hicho kilimwomba radhi rasmi mwaka 2008, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Kwa hesabu ya mkuu wako, mshikamano ule ulishindwa. Lakini baada ya kufungiwa mlango Cape Town, Mafeje alipata kufundisha sosholojia Dar es Salaam. Walter Rodney naye, mwanahistoria wa Guyana, alipozuiwa kuingia tena Jamaika mwezi Oktoba 1968, alirudi kufundisha Mlimani, yaani hapohapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi mwaka 1974. Mahmood Mamdani, aliyefukuzwa Uganda pamoja na Waasia wenzake mwaka 1972, alifundisha hapohapo kwa miaka kadhaa. Nchi hii ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo, na bado iliwapa watu hao kile ambacho barua haiwezi kutoa, yaani chumba cha mihadhara, wanafunzi na mshahara.

Nisiwape lakini historia iliyopakwa sukari. Mlima huohuo uliowapokea wageni uliwahi kuwatoa wenyewe. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400 walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwezi Novemba 1970 kilipigwa marufuku chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichotoa jarida la Cheche. Mwezi Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi ya kukosoa uongozi. Polisi walimchukua chuoni na akasafirishwa kwao. Nyumba iliyompokea Rodney haikuweza kumvumilia Akivaga. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakigawa dunia katika nchi zenye uhuru wa taaluma na zisizo nao, kana kwamba ni mvua inayonyesha Lushoto ikaiacha Handeni.

Kwa hiyo tia sahihi. Lakini mkuu wako akikuuliza tena sahihi inarudisha nini, umjibu kwamba haijawahi kuahidi kumrudisha mtu, na kwamba umekuja kwake na swali jingine: idara yetu inaweza kumpa nini?

---

Mkulima wa Muheza amejibu:

Shikamoo Mzee. Nimekusoma hadi mwisho na nimejifunza, ila kuna mahali umepita haraka mno.

Umesema hatari ni mwenye dola au mwenye fedha, kisha ukaendelea na dola peke yake. Mimi nilisoma katika miaka ambayo chuo hakikuingiwa na askari hata mmoja na bado kilikuwa kinakata roho. Miaka ya 1980, wakati wa mageuzi ya uchumi yaliyosimamiwa na wakopeshaji wa kimataifa, Benki ya Dunia ilizishauri serikali za Afrika kwamba shilingi iliyowekwa katika shule ya msingi ina faida kuliko iliyowekwa katika chuo kikuu. Mishahara ya wahadhiri ikawa ya kununulia sabuni. Wengine walifuga kuku, wengine walikwenda Botswana na kwingineko, na majarida katika maktaba yakakoma kwenye mwaka uleule katika rafu zote. Hakuna aliyefukuzwa kwa amri. Sasa niulize: barua za wazi za wenzetu wa Ulaya na Marekani kuhusu jambo hilo zilikuwa wapi?

Ninakaa chini ya milima ya Amani. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti pale mwaka 1902, Waingereza wakakirithi, na baadaye kikawa maarufu kwa utafiti wa malaria. Kazi iliyofanyika pale ni kubwa, sibishi. Lakini kwa muda mrefu maswali yaliulizwa kwingine, na wenyeji wakawa wabeba vyandarua na wahesabu mbu. Ukiitazama mikataba mingi ya ruzuku ya leo utaona mwanafunzi wa huyo mbeba vyandarua: mada imekwisha kuchaguliwa, dodoso limekwisha kutungwa, na mwenzetu anapewa kazi ya kukusanya majibu na kushukuriwa kwa jina mwishoni mwa makala. Chuo ambacho hakiwezi kuchagua swali lake hakijitawali, hata kama langoni pake hakuna askari.

Mfano mwingine ni wa juzi tu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa hapa nchini kwa namna iliyoweza kumtia hatiani mtu aliyechapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Watafiti wa ndani walilalamika. Benki ya Dunia nayo, ileile, ilitamka hadharani kwamba ina wasiwasi mkubwa. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na adhabu hiyo ikaondolewa. Nilifurahi kwa matokeo, lakini moyoni nilibaki nikijiuliza ni sauti gani hasa iliyosikilizwa, ya mtafiti wa Tanga au ya mwenye mkopo. Ikiwa ni ya pili, basi siku mkopeshaji atakapobadili mawazo yake nasi uhuru wetu utabadilika naye.

Sikukatazi kutia sahihi, ndugu yangu wa Raskazone. Nakuomba tu uwaulize waandaaji wa barua: msomi wa Tanga akinyimwa viza mara tatu ya kwenda kuwasilisha utafiti wake mwenyewe, na jarida likimdai ada ya uchapishaji inayozidi mshahara wake wa miezi kadhaa, je, orodha hiyohiyo ya majina itazunguka?

---

Mpita Njia (Pangani) amejibu:

Tia sahihi kwa jina lako, jina la chuo liache. Mkataba wako ni wa muda, na watoto hawali mshikamano. Mengine haya ni mazungumzo ya waliokwisha kustaafu.

---

Binti wa Dunda (Bagamoyo) amejibu:

Shikamooni wazee wangu, na wewe Mwalimu habari za kazi. Ninaandika kutoka Bagamoyo, ambako nimerudi kumalizia tasnifu yangu. Mtandao unakatika kila majahazi yanapoingia na soko la samaki likajaa wapiga simu, kwa hiyo mkiona sentensi imeachwa njiani mjue sababu.

Kwanza nimjibu kaka wa Pangani, kwa kuwa hofu yake ni ya kweli na haistahili kudharauliwa. Katika barua za namna hii ni desturi kuandika kwamba waliotia sahihi wamefanya hivyo kwa majina yao binafsi, na kwamba taasisi zimetajwa kwa utambulisho tu. Sentensi hiyo ikiwepo, hujaisemea taasisi jambo lolote. Umeeleza tu kwamba unafanya kazi mahali fulani, jambo ambalo liko hata katika kitambulisho chako. Isipokuwepo, waandikie waandaaji waiweke. Wakikataa, Mwalimu, hapo mkuu wako ana haki kabisa na ningeiacha barua hiyo.

Pili, uliuliza kama mambo haya yana uzito. Mimi nimesoma kiasi juu yake na ninaona yamewahi kuwa na uzito wa aina mbili tofauti, na watu hukata tamaa kwa sababu wanautarajia mmoja wakapata mwingine.

Mwaka 1933, Wanazi walipoanza kuwaondoa maprofesa wa Kiyahudi na wapinzani wao katika vyuo vya Ujerumani, William Beveridge na wenzake waliunda baraza la misaada mjini London, na mwanafizikia Ernest Rutherford akawa rais wake. Kwa kuwa serikali ya Hitler haikujali barua ya mtu, walichanga fedha, baadhi ya wahadhiri wakitoa sehemu ya mishahara yao, wakawatafutia waliofukuzwa nafasi za kufanya kazi. Hans Krebs na Ernst Chain, waliokuja kupata Tuzo ya Nobeli, walikuwa miongoni mwa wakimbizi waliosaidiwa. Baraza lile lipo hadi leo kwa jina la Cara. Nchi nyingine iliyowafungulia mlango maprofesa hao mwaka huohuo ilikuwa Uturuki, iliyowapa nafasi katika Chuo Kikuu cha Istanbul. Sasa Mzee wa Chumbageni asikie hili, kwa maana ni Akivaga wake kwa sura nyingine: mwezi Januari 2016 wanataaluma 1,128 wa Uturuki walitoa tamko la kutaka amani katika maeneo ya Wakurdi, waliotia sahihi baadaye wakapita 2,000, na wengi wao walifikishwa mahakamani au kuondolewa kazini, wengine kwa amri za dharura zilizofuata jaribio la mapinduzi la Julai mwaka huo. Baadhi yao walipokewa Ujerumani. Meli ileile, safari ya kurudi.

Uzito wa aina ya pili ni wa polepole, nao ni wa kumbukumbu na sheria. Mwezi Julai 2019 Mahakama ya Katiba ya Uturuki iliamua kwamba kuwatia hatiani watu kwa sababu ya tamko lile kulivunja haki yao ya kutoa maoni. Huko Hungaria, bunge lilipitisha sheria mwezi Aprili 2017 ambayo kila mtu aliona imeshonwa kwa kipimo cha chuo kimoja, Central European University cha Budapest. Maelfu ya watu waliandamana, vyuo vya nchi nyingi vikaandika barua, na chuo kikalazimika kuhamishia masomo yake Vienna mwaka 2019. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka kwamba sheria ile ilikiuka sheria za Umoja huo tarehe 6 Oktoba 2020, wanafunzi wakiwa wamekwisha kuhama. Ukiniuliza kama walishinda, nitashindwa kujibu. Najua tu kwamba hukumu ipo.

Nchi jirani zimejiandalia ardhi ya kusimamia. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 29, na ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 33, zinautaja uhuru wa taaluma kwa jina. Yetu, katika ibara ya 18, inalinda uhuru wa maoni na wa kutafuta na kutoa habari, bila kutaja taaluma. Hilo nalo tungelifanyia kazi wenyewe kabla ya kungoja barua ya mtu.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike, muulize mwenyewe anataka nini kabla hujatia sahihi chochote. Nilipokuwa masomoni nje, mwanafunzi mwenzetu mmoja alikamatwa kwao alipokwenda likizo. Sisi tulikimbilia kuandika. Tulikusanya majina, tukapiga picha na mabango, tukajisikia watu wa maana. Dada yake alitutumia ujumbe mfupi, ninaukumbuka neno kwa neno: "Wakili alikuwa karibu kukubaliana nao. Sasa wamekasirika." Tulinyamaza, naye alitoka baada ya wiki kadhaa, na hadi leo sijui kama tulimchelewesha. Mashirika yenye uzoefu, kama Scholars at Risk lililoanzishwa Chicago mwaka 1999, huanza kwa kuwasiliana na mhusika au familia yake, kisha ndiyo huamua kama kelele zitasaidia au la. Wakati mwingine zinasaidia sana. Pale Chuo Kikuu cha Boğaziçi mjini Istanbul, tangu Januari 2021, walimu walikuwa wakisimama uwanjani na majoho yao, wakiigeuzia migongo ofisi ya rekta, yaani mkuu wa chuo, aliyeteuliwa kutoka juu, siku baada ya siku, na kila picha iliyosambazwa nje iliwaongezea pumzi, kwa kuwa wao wenyewe walitaka zisambazwe.

Kaka wa Muheza, swali lako la viza ninalo na mimi, katika pasipoti yangu, kwa muhuri.

---

Mzee wa Chumbageni amejibu:

Mkulima wa Muheza amenikamata mahali pazuri, na ninakubali kwamba nilipita haraka. Waandishi wa Azimio la Dar na wa Tamko la Kampala waliliona jambo lake, maana walikuwa ndani ya njaa hiyohiyo ya miaka ya 1980. Ndiyo maana hawakumaliza kwa kuidai serikali iache kuingilia, waliidai pia ikigharimie chuo. Ninachokataa ni hitimisho moja tu linaloweza kuvutwa kutoka kwa maneno yake, kwamba tungoje mizani ilingane ndipo tuanze kushikamana. Rodney alipopewa nafasi Mlimani hatukumuuliza Jamaika itatulipa nini.

Binti wa Dunda, mwanangu, maliza tasnifu.

---

Mwalimu wa Raskazone (Tanga) amerudi:

Wazee wangu na ndugu zangu, nawashukuru. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilifuata ushauri wa dada wa Bagamoyo, nikamwandikia mwenzangu kumuuliza anataka nini, naye alijibu baada ya siku nne kwa anwani mpya ya barua pepe, maana ile ya chuo ilifungwa usiku uleule amri ilipotangazwa, pamoja na neno lake la siri la maktaba.

Kuhusu barua ya wazi, alisema anafurahi nikitia sahihi, lakini majina wameshapata mengi. Kisha akaniomba mambo ambayo kwangu yalionekana madogo hadi nilipoanza kuyashughulikia. Ana wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili walioachwa bila msimamizi, na anataka mtu wa kuzisoma sura zao kwa makini, hata kama jina la msomaji huyo halitaandikwa popote. Anahitaji makala fulani nane ambazo hawezi tena kuzifungua. Na mhariri wa jarida tulilolipelekea kazi yetu ya wavuvi amemwandikia kuuliza chini ya jina lake paandikwe taasisi gani. Ananiuliza mimi. "Nikiacha wazi," anasema, "watakuwa wameniondoa mara mbili."

Nilirudi kwa mkuu wa idara, safari hii bila barua. Nilimweleza habari ya mstari huo ulio wazi. Hakusema kitu kwa muda, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, kisha akainuka na kutoa kabatini kanuni za watumishi, kitabu cha jalada la kijani ambacho sidhani kama kimefunguliwa tangu kinunuliwe, akaanza kukitafuta kifungu kwa kidole. Kipo. Chuo chetu kinaweza kuwa na mhadhiri mgeni asiyelipwa, kwa pendekezo la kikao cha idara na idhini ya kamati ya taaluma. "Hili ni letu," alisema. "Hapa hatuingilii mtu, tunaajiri kwa taratibu zetu." Mzee wa Chumbageni, nilitamani ungekuwepo.

Ile barua nimeitia sahihi jana usiku kwa jina langu, baada ya waandaaji kukubali kuongeza sentensi ya utambulisho. Swali la Mkulima wa Muheza niliwapelekea pia kama lilivyo. Mmoja wao amejibu kwamba ataliweka katika ajenda ya mkutano wao. Nimelihifadhi jibu hilo.

Sasa nimekwama mahali pengine. Kikao cha idara ni Alhamisi saa nne asubuhi, na fomu ya kumwombea nafasi inadai nakala nne za vyeti vilivyothibitishwa na barua ya mwajiri wa mwisho. Mwajiri wa mwisho ndiye aliyemfukuza, na ofisi ya masijala ya chuo chake imekataa hata kumgongea muhuri. Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kupitisha fomu ya namna hiyo bila barua ya mwajiri, na katika nafasi ile aliandika nini?